Kilele cha kani kimepanda lakini urefu wa mruko uko palepale: nasoma vibaya mchoro wa bamba?

Kocha_Wavu

Habari zenu wakuu. Naomba wenye uzoefu na bamba la kupimia kani wanisaidie kusoma vipimo hivi. Mchezaji wa mpira wa wavu, kilo 70, anaruka akiwa ameshika kiuno kwa mikono yote miwili. Anasimama wima na kutulia, anajishusha haraka, kisha anapanda na kuruka bila kusita pale chini. Amepimwa kabla ya programu ya kuchuchumaa na vyuma, na akapimwa tena alipoimaliza.

Kabla: kilele cha kani 1,620 N, muda wa kusukuma sekunde 0.29 (kuanzia alipofika chini kabisa mpaka vidole vilipoachana na bamba), muda wote tangu alipoanza kujishusha hadi kuondoka sekunde 0.80, urefu sm 38.

Baada: kilele 1,840 N, muda wa kusukuma sekunde 0.24, muda wote sekunde 0.68, urefu sm 38. Kilo hazijabadilika.

Kani imeongezeka kwa 220 N na mruko haujasogea hata sentimita moja. Bamba lina kasoro, au mimi ndiye nafuata namba isiyofaa?

Pili, mchezaji huyohuyo akiruka kugusa ukuta, tofauti kati ya alama ya kusimama na alama ya kuruka ni sm 56. Hizo sm 18 za ziada zinatoka wapi?

La tatu ni la kanuni tu, wachezaji wenyewe huliuliza: ardhi haisogei, sasa kani yake inamrushaje mtu?

---

Fizikia_ya_Mwili

Mkuu, kwa namba hizi bamba halina kasoro. Vipimo vyote viwili vinakubaliana kabisa, ila umeangalia ncha ya mchoro badala ya eneo lililo chini yake.

Chukua kani ya ardhi, toa uzito wa mwili. Kinachobaki ndicho kinachombadilishia mtu mwendo. Kizidishe kwa muda wake, unapata msukumo halisi. Gawa msukumo huo kwa kilo zake, unapata kasi anayoondoka nayo, na kasi hiyo peke yake ndiyo inayoamua atapanda kiasi gani akiwa hewani.

Tufanye hesabu. Uzito wake ni 70 × 9.81, yaani 687 N. Ili kupanda sm 38 anahitaji kasi ya mita 2.73 kwa sekunde (kipeuo cha pili cha 2 × 9.81 × 0.38). Msukumo unaohitajika ni 70 × 2.73, kama 191 N·s. Mruko wa kwanza aliupata msukumo huo ndani ya sekunde 0.29, maana yake wastani wa 659 N juu ya uzito wake. Mruko wa pili aliupata ndani ya sekunde 0.24, wastani wa 796 N juu ya uzito. Kani ya wastani imepanda kweli, tena vizuri, lakini muda wa kuitumia umepungua kwa kiwango kilekile. Zidisha upande huu na ule, jibu ni 191.

Kwa nini muda umepungua? Kwa sababu hashuki kama zamani. Ukichukulia kwamba mchapuko wake haubadiliki sana wakati wa kusukuma, umbali anaosukuma ni nusu ya kasi ya kuondoka mara muda: kabla ulikuwa kama sm 40, sasa ni kama sm 33. Sentimita saba zimepotea. Mtazame kwa video ya upande, kamera ikiwa usawa wa nyonga, na utaziona magotini.

Kuhusu kilele chenyewe. Kwenye mruko wa kina kifupi mara nyingi kilele hutokea palepale chini, mwishoni mwa kufunga breki. Akijishusha kwa kasi ileile lakini akasimama ndani ya umbali mfupi, ardhi italazimika kumsukuma kwa kani kubwa zaidi ili kumsimamisha, na kilele kitapanda hata kama misuli haijaongeza chochote kwenye kupanda. Ndiyo maana namba hii haifai kufuatwa ikiwa peke yake. Tazama kwa pamoja urefu wa mruko, kina cha kujishusha na muda wote hadi kuondoka.

Ukifanya hivyo utaona pia kwamba programu yako haikushindwa. Gawa urefu kwa muda wote: kabla 0.38 ÷ 0.80 ni 0.48, sasa 0.38 ÷ 0.68 ni 0.56. Anafika urefu uleule mapema zaidi kwa sekunde 0.12. Kwa mzuiaji wa katikati anayemfuata mpigaji, hayo ni maendeleo makubwa. Kwa mpigaji anayetaka kugonga mpira juu ya vidole vya wazuiaji, bado kuna kazi.

Kazi yenyewe ni kumrudisha kwenye kina chake cha zamani akiwa na nguvu hizi mpya. Kwenye karatasi, wastani wa 796 N kwa umbali wa sm 40 ungempa kasi ya mita 3.01 kwa sekunde, na mruko wa sm 46. Usitarajie zote hizo. Goti likikunjwa zaidi, misuli ya paja inafanya kazi katika pembe ambayo haina nafasi nzuri ya kuvuta. Tena kadiri mwili unavyoongeza kasi ndivyo msuli unavyojifupisha kwa haraka, na msuli unaojifupisha haraka hutoa kani ndogo. Mwanafiziolojia A. V. Hill alilionyesha hilo kwa misuli ya chura mwaka 1938, na uhusiano ule ndio unaotawala kila mruko. Sehemu ya sm 8 hizo atazipata, si zote.

Namna ya kumrudisha: weka kamba au benchi nyepesi nyuma yake kama alama ya kina, ajishushe hadi hapo ndipo aruke, kwa marudio machache na mapumziko kamili katikati. Kama vyuma alivichuchumalia kwa nusu kina tu, ongeza kuchuchumaa kwa kina kirefu, kwa sababu mwili umeimarika zaidi katika pembe ulizozoezwa na sasa unazipendelea. Lakini usimlazimishe kina kimoja cha kikosi kizima. Kila mtu ana kina chake kinachomfaa. Mjaribu sm chache juu na chini ya alichozoea, upime, uamue.

Swali la tatu. Kani ya ardhi inatoa msukumo, lakini haifanyi kazi kwa maana ya kifizikia, kwa kuwa sehemu inapogusa, yaani wayo, haisogei wakati wa kusukuma. Kazi ni kani mara umbali, na umbali wa wayo ni sifuri. Nishati yote inatoka ndani, kwenye misuli inayonyoosha nyonga, goti na kifundo cha mguu. Misuli inasukuma kiwiliwili juu na nyayo chini. Nyayo zinaisukuma ardhi, ardhi inazisukuma nyayo kwa kiasi kilekile. Bila ardhi, misuli ingenyoosha miguu tu na kitovu cha uzito kisingepanda. Kwa hiyo waambie wachezaji: misuli inalipa nishati, ardhi inatoa msukumo, na hakuna kimoja kinachofanya kazi ya mwenzake.

---

Bamba_na_Vihisi

Naunga mkono hesabu za hapo juu, ila kabla ya kulinganisha vipimo viwili vilivyopishana kwa wiki nyingi hakikisha vimechukuliwa kwa namna moja. Tofauti za sentimita mbili tatu hutoka kwenye upimaji wenyewe mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kosa linaloharibu zaidi ni uzito wa mwili. Programu inakokotoa uzito kutoka kwenye sekunde anayosimama kimya, kisha inautoa kwenye kila sampuli. Akiyumba, akipumua kwa nguvu au akianza kujishusha kabla sekunde hiyo haijaisha, uzito unakosewa. Kosa la 7 N tu, yaani asilimia 1 yake, likijumlishwa kwa sekunde 0.80 linakuwa 5.6 N·s. Hiyo ni kasi ya mita 0.08 kwa sekunde, na kwenye mruko wa sm 38 ni zaidi ya sm 2. Mwache asimame kimya angalau sekunde moja nzima, na mimi napendelea mbili. Mruko ambao sekunde hiyo haikutulia utupwe, usirekebishwe kwa mkono.

Mwanzo wa mwendo nao una utata. Njia inayotumika sana ni kuchukua mkengeuko sanifu wa kani wakati wa kusimama (yaani kiasi ambacho kani huyumba kando ya wastani wake), kuuzidisha mara 5, na kusema mwendo umeanza pale kani inapotoka nje ya mpaka huo, kisha kurudi nyuma milisekunde 30. Kurudi nyuma ni muhimu kwa sababu mpaka unapovukwa mtu ameshaanza kusogea, na hesabu inayodai kasi ilikuwa sifuri wakati huo inakuwa imekosea tangu mwanzo.

Sifuri ya bamba iwekwe likiwa tupu, kabla ya kila mchezaji. Kisha angalia kipande cha hewani: kani pale lazima iwe sifuri. Ikisoma 10 au 15 N, kuna kitu. Ukaguzi mwingine ninaoupenda ni kuendelea kurekodi mpaka atue na kusimama tuli. Kasi inayotokana na kujumlisha mchoro wote inapaswa kurudi sifuri mwishoni. Isiporudi, ama uzito umekosewa ama vihisi vimehama, na urefu ule usiuandike.

Kama urefu wako unatokana na muda wa hewani na si msukumo, tatizo ni jingine. Kanuni ni 9.81 × muda × muda ÷ 8, na kwa sm 38 muda ni kama sekunde 0.557. Kanuni hii inachukulia kwamba ametua akiwa na umbo lilelile aliloondoka nalo: magoti yamenyooka, vidole vimeelekea chini. Akitua na magoti yamekunjwa kiasi cha kitovu cha uzito kuwa sm 5 chini zaidi, anapata hewa ya bure ya milisekunde kama 18, na urefu unaongezeka karibu sm 2.5 ambazo hazipo. Wachezaji huligundua hili haraka sana.

Kwa wanaotumia video ya simu kuhesabu muda wa hewani: kwa fremu 240 kwa sekunde, kukosea fremu moja ni sm 0.6. Kwa fremu 30 ni zaidi ya sm 4.5, na hapo kipimo hakina maana tena.

Sasa ukuta na bamba. Vinapima vitu tofauti, na sm 18 zako zinaelezeka. Bamba linahesabu kupanda kwa kitovu cha uzito kuanzia anapoachana na ardhi. Wakati huo tayari amesimama kwenye ncha za vidole, visigino vikiwa juu. Ukutani, alama ya kwanza huwekwa nyayo zikiwa zimelala chini, kwa hiyo kupanda kwa visigino, kama sm 10 kwa mtu mzima, kunaingia kwenye jumla. Halafu ukutani anatumia mikono. Kuitupa mikono huongeza kasi ya kuondoka kwa takriban asilimia 10, na kwa kuwa urefu unafuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe, asilimia 10 ya kasi ni asilimia 21 ya urefu: sm 38 zinakuwa 46. Ongeza visigino, umefika 56. Vipimo vyote viwili ni sahihi, ila kamwe usiviweke kwenye safu moja ya daftari.

---

Kocha_Wavu

Nimeelewa, na kweli vyuma vilikuwa vya nusu kina. Nitaomba ufafanuzi kidogo kuhusu mikono: inawezaje kuongeza kasi wakati haigusi ardhi?

---

Fizikia_ya_Mwili

Mikono ikipandishwa kwa nguvu, inayasukuma mabega chini. Bamba linaliona hilo kama kani ya ziada. Miguu nayo inalazimika kunyooka polepole zaidi mwanzoni, na msuli unaojifupisha polepole hutoa kani kubwa. Ni uhusiano uleule wa Hill, safari hii ukikufaidi. Mwishoni mikono ikishafika juu na kuanza kupunguza kasi, inauvuta mwili juu na kuurudishia nishati iliyoibeba.

Wakati ndio kila kitu. Mikono iwe nyuma wakati anajishusha, ipite kando ya nyonga karibu na anapofika chini kabisa au mwanzoni mwa kusukuma, na iwe inafika usawa wa macho anapoondoka. Akiitupa mapema, imemaliza kazi miguu ikiwa bado imekunjwa. Akiichelewesha, inapanda akiwa tayari hewani, na hewani haibadilishi chochote kwenye njia ya kitovu cha uzito.

Kwenye kupima nguvu za miguu endelea na mikono kiunoni. Kwa kupima mchezo, mruhusu aitupe.

---

Mruko_Juu

Mimi naona mnazunguka. Siri ya kujishusha kwanza ni kano. Unaposhuka kano zinavutwa kama mpira wa manati, unapopanda zinarudisha nishati yote. Ukijishusha halafu ukatulia chini, nishati imepotea, ndiyo maana mruko wa kutulia chini ni mfupi. Zoezi la kudondoka kutoka kwenye sanduku na kuruka papo hapo litamtosha huyo mchezaji, vyuma havina haja.

---

Fizikia_ya_Mwili

Ndugu, sehemu ya hilo ni kweli lakini si sababu kuu kwa mruko wa aina hii. Maarten Bobbert na wenzake walilichambua swali hilihili mwaka 1996, na hoja yao inaonekana wazi kwenye mchoro wa bamba.

Msuli haufiki kani yake ya juu papo hapo ukiamriwa. Unahitaji kama milisekunde 300 kutoka kwenye ulegevu. Aliyetulia chini anaanza kupanda akiwa na kani inayolingana na uzito wake tu, na kila sentimita anayopanda wakati msuli bado unajenga kani ni sentimita iliyofanyiwa kazi kidogo. Hawezi kuirudia. Aliyejishusha amelazimika kufunga breki, na ili kufunga breki misuli imeshawaka. Anapofika chini kabisa, kasi ikiwa sifuri, kani ya ardhi tayari ni mara mbili ya uzito wake au zaidi. Anaanza kupanda akiwa na kani kamili tangu sentimita ya kwanza. Faida ya sentimita chache kati ya miruko hii miwili inatoka hasa hapo.

Kano zina mchango wao, na kano ya kisigino hasa hufanya kazi kubwa kwenye kurukaruka kwa haraka ambako mguu unagusa chini kwa chini ya sekunde 0.25. Kwa mruko wa sekunde 0.68, mchango huo si wa kutegemewa peke yake. Kudondoka kutoka kwenye sanduku ni zoezi zuri, kocha Yuri Verkhoshansky alilijengea mfumo mzima wa mazoezi huko Umoja wa Kisovieti, lakini linajenga uwezo wa mguso mfupi, wakati huyu mchezaji shida yake ni kwamba tayari amekuwa wa haraka na wa kina kifupi. Utamsukuma zaidi upande aliko tayari.

Kama utalitumia, pima kwa kugawa urefu kwa muda wa mguso: sm 35 kwa sekunde 0.20 ni 1.75. Ukipandisha sanduku na namba hii ikaanza kushuka, au visigino vikaanza kugonga chini, sanduku limezidi uwezo wake.

Niongeze jambo moja kuhusu mpangilio wa viungo, maana kuna kasi nyingi inayopotelea hapo. Mruko mzuri unaanzia juu kwenda chini: nyonga inaanza kunyooka, goti linafuata, kifundo cha mguu kinamalizia. Sababu ni ya umbo. Goti likikaribia kunyooka kabisa, hata likizunguka kwa kasi halimpandishi mtu tena kwa kiasi kikubwa, na lazima lipunguze kasi lisije likajiumiza. Hapo ndipo kigimbi kinapookoa. Msuli wake wa juu unapita nyuma ya goti na nyuma ya kifundo, kwa hiyo goti linaponyooka kwa nguvu linauvuta, na msuli unaihamishia nguvu hiyo kwenye kifundo. Gerrit Jan van Ingen Schenau alilifafanua hili kwa kina katika miaka ya 1980. Mchezaji anayeinua visigino mapema, akiwa bado amechuchumaa, ameshatumia kifundo chake na mwishoni hana cha kumalizia. Anayeng'ang'ania kiwiliwili wima anachonyimwa ni nyonga, yaani makalio na misuli ya nyuma ya paja, ambayo ni mikubwa sana. Kiwiliwili kiiname mbele wakati wa kujishusha, visigino vibaki chini mpaka goti linapokaribia kunyooka.

---

Fundi_Vihisi

Samahani kwa kuingiza la pembeni. Nataka kuunda bamba kwa vihisi vinne vya mizani ya bafuni, kila kimoja kilo 50, na kipande cha HX711 kinachogeuza mawimbi ya vihisi kuwa namba. Kitatosha kwa vipimo vya aina hii?

---

Bamba_na_Vihisi

Hakitoshi, kwa sababu mbili ambazo huwezi kuzikwepa kwa programu.

Uwezo kwanza. Vinne vya kilo 50 ni kilo 200, yaani 1,962 N, na hiyo ni pale mzigo unapogawanyika sawasawa. Mchezaji wa uzi huu anafika 1,840 N akisukuma tu, na kamwe hasimami katikati kabisa. Akitua atapita mpaka huo kwa mbali, na kihisi kikipinda kupita kiasi hakirudi kwenye sifuri yake. Chukua vinne vya kilo 300 au zaidi kila kimoja, vya boriti ya chuma au aloi, na vikae pembeni chini ya bamba.

Pili, kasi ya kusoma. HX711 inatoa sampuli 10 au 80 kwa sekunde basi. Kwa 80, pengo kati ya sampuli ni milisekunde 12.5, na sampuli moja ikikosewa kwenye muda wa hewani ni sm 1.7. Kilele cha kutua hutakiona kabisa. Lenga sampuli 1,000 kwa sekunde. ADS1256, kipande kingine cha kazi hiyohiyo, inafika huko bila shida, au unganisha vihisi vyote vinne sambamba kwenye kikuza mawimbi kimoja, kama unachohitaji ni kani ya wima pekee.

Ubao wa mbao utakuponza. Unanepa na kutetema, na mtetemo wake utauona kama mawimbi juu ya mchoro baada ya kutua. Tumia bamba la chuma au alumini nene, likae juu ya zege na si juu ya zulia au mkeka. Ligonge kwa nyundo ya mpira ukiwa unarekodi, uhesabu mtetemo: ukiwa chini ya hezi 100, ongeza unene au weka mbavu chini yake. Kisha weka uzito unaoujua katikati na kwenye kila kona. Kona zikisoma tofauti, rekebisha kabla mtu hajapanda, vinginevyo kipimo kitategemea amesimama wapi.

---

Fizio_Goti

Mmezungumza kupanda, naomba niongeze kushuka, kwa kuwa kwa mchezaji wa wavu kani kubwa kuliko zote huonekana anapotua. Nusu ya pili ya mchoro wa Kocha nayo isomwe.

Wastani wa kani ya kutua unaukokotoa hivi: umbali aliodondoka pamoja na umbali anaojisimamishia, gawa kwa umbali anaojisimamishia, zidisha kwa uzito wake. Akidondoka sm 38 na kujisimamisha ndani ya sm 10, ni mara 4.8 ya uzito, karibu 3,300 N. Akijipa sm 25, ni mara 2.5. Akijipa sm 40, haifiki mara 2. Hizo ni wastani. Kilele kinakuwa juu zaidi. Urefu wa mruko ni uleule katika hali zote tatu, kilichobadilika ni magoti na nyonga kukubali kukunjika.

Kwenye mchoro wa kutua kwa miguu yote utaona mara nyingi vilele viwili vilivyokaribiana: cha kwanza vidole na sehemu ya mbele ya wayo, cha pili kisigino. Vyote hutokea ndani ya takriban milisekunde 50 za kwanza. Muda huo ni mfupi mno kwa mtu kuhisi ardhi na ndipo aamue kukaza misuli. Ndiyo maana misuli lazima iwe imeanza kukazwa angali hewani, na maelekezo ya kocha yawe ya kabla ya kugusa: vidole vielekee chini, goti liwe limekunjwa kidogo tayari, nyonga irudi nyuma. Kumwambia "tua taratibu" akiwa ameshagusa ni kuchelewa.

Hatari kubwa ni goti kuingia ndani huku likiwa karibu limenyooka, hasa akitua kwa mguu mmoja baada ya kupiga. Hapo kano ya ndani ya goti inayozuia muundi usiteleze mbele inabeba mzigo usiostahili, na majeraha yake hutokea katika milisekunde hizohizo za mwanzo. Rekodi video ya mbele pamoja na ile ya upande.

Ukiwa na mabamba mawili, weka mguu mmoja kwenye kila bamba. Bamba moja linaficha mguu unaokwepa kazi: jumla inaonekana nzuri kabisa huku mguu mmoja ukibeba sehemu kubwa. Linganisha msukumo wa kila mguu katika awamu ya kufunga breki, ya kusukuma na ya kutua, kila moja peke yake. Mtu aliyewahi kuumia goti anaweza kusukuma sawa pande zote mbili, lakini kwenye kutua akaelemea mguu mzima, na hilo halionekani ukichanganya awamu zote katika namba moja.